Kamina: wimbo unapendeza studio, ukifika redioni maneno yanapotea

Nyimbo mpya za vijana wa Kamina zinafika redioni kwenye kle USB, kwenye kadi ya simu, ao zinatumwa kwa WhatsApp. Nyingi zinatoka kwenye studio za nyumbani: chumba kimoja, ordinatere moja, mikro moja, bafle mbili juu ya meza. Zingine zinatoka mjini kati, zingine pembeni, ambako kijana mwenye studio mara nyingi ndiye pia anachaji simu za watu na kupiga muziki kwenye ndoa za majirani.

Wimbo ukipigwa hewani, lawama inayorudi ni moja: "Mwimbo iko muzuri, lakini maneno hatusikie." Mwimbaji anamkasirikia fundi wa redio, sababu kule studio kila kitu kilisikika. Fundi wa redio anajibu kwamba amepiga tu kile alicholetewa. Mwenye studio naye anasema bafle zake ni ndogo. Siku akipata makuta atanunua kubwa na mambo yataisha. Kati ya hawa watatu, anayekosea zaidi ni huyu wa mwisho, sababu anataka kutoa pesa kwa dawa ya ugonjwa mwingine.

Na jambo lenyewe si la starehe tu. Haut-Lomami, jimbo tangu 2015, ina maeneo matano: Bukama, Kabongo, Kamina, Kaniama na Malemba-Nkulu. Kando ya mto Lualaba na maziwa ya Upemba, kipindupindu ni ugonjwa unaorudi, na wimbo ni njia moja ya kufikisha habari za afya kwa watu. Wimbo unasema: chemsha maji, nawa mikono kwa sabuni, peleka mgonjwa mapema kwenye kituo cha afya. Kama besi imefunika neno "chemsha", kinachobaki ni ngoma ya kucheza. Ni vile vile kwa nyimbo za chanjo, za uchaguzi, za kuita watoto masomoni. Pahali ambako barabara ni mbaya na gazeti halifiki, watu wanapata habari kwa masikio.

Kamina haijaanza leo kurekodi

Mwaka 1953 padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alifika Kamina kuongoza masomo. Akaunda kikundi cha wanafunzi na walimu kilichoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Tarehe 23 mwezi wa 3 mwaka 1958, Missa Luba iliimbwa kwa mara ya kwanza kwenye misheni ya Kamina. Mwaka huohuo kikundi kikasafiri Ulaya, kikaimba kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels, na kampuni Philips ikatoa sahani. Miaka kumi kisha, Sanctus ya Kamina ikasikika ndani ya filamu ya Uingereza, If.... Mwimbaji wa mbele alikuwa mwalimu Joachim Ngoi. Ukisikiliza sahani hiyo leo, ngoma zinapiga, korali ina watu wengi, lakini sauti yake inasimama wazi juu ya zote.

Mbele ya hapo, mwaka 1952, Hugh Tracey alipita Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akamrekodi Jean-Bosco Mwenda na gita lake. Masanga ikajulikana mbali sana na Katanga.

Rekodi za wakati ule zilikuwa na faida moja ambayo studio za leo hazina. Watu walipiga na kuimba pamoja, na usawa wa sauti ulipatikana palepale, mbele ya mikro: ngoma inarudishwa nyuma, mwimbaji anasogea mbele, waitikiaji wanapunguza. Masikio mengi yalikuwa chumbani. Leo biti inatengenezwa kwanza, ao inapakuliwa. Mwimbaji anakuja siku ingine. Gita linaingia juma la pili. Usawa wote, kile mafundi wanaita miksaje, unafanywa na mtu mmoja mbele ya bafle mbili, mara nyingi usiku. Kama bafle na chumba vinamdanganya, hakuna mwingine wa kumwambia.

Chumba kinasema bongo

Sauti nzito ina mawimbi marefu. Wimbi la herzi 50, pale ngoma ya mguu na besi zinakaa, lina urefu wa karibu mita 7. Chumba cha kulala cha mita 3 kwa 3 kinapata taabu nalo. Wimbi linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lile linalokuja. Pahali pengine yanaongezana, pahali pengine yanafutana. Kati ya kuta mbili zenye umbali wa mita 3, sauti ya herzi karibu 57 ndiyo inaanza kuonyesha shida hiyo: kando ya ukuta inavimba, katikati ya chumba inapotea karibu yote. Na chumba kikiwa mraba, urefu na upana vinaleta shida ileile kwenye sauti ileile, kwa hiyo inazidi.

Sasa angalia studio nyingi zimepangwa namna gani. Kiti kiko katikati ya chumba, sababu ndipo nafasi iko. Fundi anasikia besi ni kidogo, anaipandisha. Bado ni kidogo, anapandisha tena. Wimbo unatoka pale na besi ya nyimbo tatu. Kwenye gari, kwenye nganda, kwenye redio, kile chumba cha kuimeza hakipo tena, na besi inamfunika mwimbaji. Fundi mwingine, kiti chake kimegusa ukuta wa nyuma. Yeye anasikia besi nyingi mno, anaikata, na wimbo wake ukifika nje ni mwembamba kama sauti ya simu. Bafle zao ni za aina moja, duka ni moja, na kila mmoja ana kosa lake. Ndiyo sababu kununua bafle kubwa zaidi hakusaidii: ndani ya chumba kidogo, bafle kubwa inaamsha zaidi yale mawimbi marefu.

Kuna njia ya kukijua chumba bila kulipa kitu. Piga wimbo ambao besi yake inapanda na kushuka noti moja moja, kisha tembea polepole toka ukuta wa mbele paka wa nyuma. Pale noti moja inalipuka na ingine inapotea, chumba kimejionyesha. Halafu sogeza kiti. Mafundi wengi wanaanzia pahali pa zaidi kidogo ya theluthi ya urefu wa chumba, kutoka ukuta wa mbele. Kwa chumba cha mita 3, ni kama mita 1 na sentimita 15. Nafasi ni finyu, magoti yanagusa meza, lakini ni afadhali kuliko katikati kabisa.

Bafle mbili na kichwa cha fundi vifanye pembetatu yenye pande sawa. Ile koni ndogo inayotoa sauti nyembamba iwe sawa na masikio. Matofali mawili chini ya bafle yanatosha. Umbali wa ukuta wa kushoto na wa kulia ulingane. Bafle iliyosukumwa kwenye pembe ya chumba inaongezewa na kuta besi ambayo haimo ndani ya wimbo, na fundi ataikata akifikiri ni ya wimbo.

Kuhusu trei za mayai, zimebandikwa kwenye studio nyingi, na kwenye picha zinapendeza. Karatasi ile ni nyepesi. Haizuii besi hata kidogo; inapunguza tu sehemu ya sauti nyembamba, na chumba kinabaki na uvumi uleule huku matoazi yamekufa. Tena inashika moto haraka, na ndani ya studio hizi waya za umeme zinapita kila pahali. Godoro la zamani lililosimamishwa kwenye pembe, magunia yaliyojazwa nguo kuukuu, blanketi nzito zilizokunjwa paka unene wa sentimita 10 ao zaidi, vinafanya kazi kuliko trei mia. Ili kujua pa kuviweka, fundi akae kitini, rafiki atembeze kioo kwenye ukuta wa kando. Pale fundi anaona bafle yake ndani ya kioo, ndipo sauti inagonga na kumrudia. Hapo ndipo pa kufunika kwanza.

Nyumba ya manjanja isiyo na dari ina tabia yake. Sehemu ya besi inatoka kupitia bati, na hiyo ni faida. Lakini bati lenyewe linatetemeka na kuimba pamoja na wimbo, na mvua ikianza, kazi inasimama. Grupu nayo ina hila ambayo wengi hawaijui: ikinguruma nyuma ya dirisha, inafunika sauti nzito palepale besi inakaa, na anayechanganya wakati huo ataongeza besi bila kujisikia. Miksaje ya usiku wa grupu ichunguzwe tena asubuhi, grupu ikiwa imezimwa, hata kama ni kwa dakika 20 za betri ya ordinatere na kaske.

Bafle isiyopendeza, inayojulikana

Mwaka 1978 kampuni Yamaha ya Japani ilitoa bafle iitwayo NS-10, ya kusikiliza muziki nyumbani. Watu wa nyumbani hawakuipenda sana. Lakini ndani ya miaka ya 1980 ilikuwa juu ya meza za studio kubwa za Marekani na Uingereza, ikitambulika kwa koni yake nyeupe, na ilitengenezwa paka 2001. Besi yake ni kidogo. Sehemu ya katikati, pale sauti ya mtu inakaa, inaitoa kwa ukali. Hapo ndipo thamani yake ilikuwa: kosa la sauti ya mwimbaji halikuweza kujificha. Mbele yake kulikuwa Auratone, kisanduku kidogo chenye koni moja tu. Bruce Swedien, fundi aliyechanganya Thriller ya Michael Jackson ya 1982, aliitumia sana.

Wale mafundi wangeweza kununua bafle yoyote duniani. Walikaa na hizi sababu walizijua kasoro zake zote, kama mama anavyojua sufuria yake inaunguza upande gani. Bafle ndogo za inchi 5 ambazo zinapatikana leo kwa wauzaji wa vyombo vya muziki zina kasoro zake pia. Kubwa kuliko zote ni kwamba chini ya herzi 50 ao 60 zinaishiwa nguvu. Fundi anayejua hivyo hatajaribu kuziomba kile zisichoweza kutoa.

Kuzijua kunachukua miezi, na hakuna njia ya mkato. Anayeanza achague nyimbo tatu ao nne zilizochanganywa vizuri, za aina ya muziki anaofanya: rumba moja, moja ya korali ya kanisa, moja yenye biti ya leo. Azisikilize kila siku mbele ya kuanza kazi, kwenye kiti kilekile, kwa volimi ileile. Asikilize jambo moja kwa mara moja. Mwimbaji yuko juu ya gita kwa kiasi gani? Kati ya ngoma ya mguu na besi, nani anaongoza? Matoazi yanasikika ao yanachoma? Kisha azipeleke nyimbo hizohizo kwenye gari la rafiki, kwenye nganda, kanisani, kwenye simu ya mdogo wake. Kisha wiki chache atakuwa na ramani kichwani. Atajua kwamba wimbo wenye besi ya kutosha kule nganda, kwenye bafle zake unaonekana hauna. Siku ya kuchanganya wimbo wake mwenyewe, hataongeza besi paka imshibishe. Ataiacha pale besi ya wimbo wa mfano inakaa.

Mtego uko hapa: wimbo wa mfano umekwisha kupandishwa sauti na fundi wa mwisho, na sikio la mtu linachukua sauti kubwa kuwa sauti nzuri. Mfano ushushwe kwanza paka ulingane na kazi iliyo mezani. Bila hivyo, kila mara mtu atafikiri kazi yake ni mbaya, ataanza kusukuma kila kitu juu.

Volimi yenyewe inabadilisha kile mtu anasikia. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sauti ikiwa chini, sikio linapoteza besi, na sauti nyembamba pia, mbele ya kupoteza sauti ya katikati. Ikipandishwa, besi inarudi. Kwa hiyo wimbo uliochanganywa kwa nguvu, na bafle zinatikisa dirisha, unakuwa mkavu ukipigwa polepole jikoni kwa mtu. Kazi nyingi ifanywe kwa kiasi ambacho watu wawili wanaweza kuzungumza bila kupaza sauti, ikipandishwa tu kwa dakika chache ili kuchunguza besi. Kuna na masikio yenyewe ya kuchunga. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Ikifika desibeli 90, ni saa 4 tu kwa juma zima. Kijana ambaye masikio yake yamechoka anapoteza kwanza sauti nyembamba, kisha anaziongeza kwenye nyimbo za watu bila kujua kwa nini wanalalamika.

Kaske inaweza kuokoa mtu ambaye chumba chake hakiponyeki, sababu ndani ya kaske hakuna chumba. Besi inasikika bila bongo ya chumba, makelele madogo pia: pumzi, mkato mbaya, ule mlio wa herzi 50 unaoingia kwa waya mbovu. Lakini kaske inatenga kushoto na kulia kupita kiasi, na mwangwi unasikika wazi mno, kwa hiyo fundi anaweka kidogo kuliko inavyofaa. Usawa kati ya mwimbaji na vyombo unabaki kazi ya bafle.

Koni moja, kwenye meza ya muuzaji

Msikilizaji wa pembeni hakai ndani ya pembetatu. Ana radio ya betri yenye koni moja, simu, bafle ndogo ya blutufi, ao anasikia pembe la kanisa kutoka mbali. Vyombo hivi vingi vinajumlisha kushoto na kulia kuwa kitu kimoja, na redio nyingi ndogo zinarusha mono toka mwanzo. Hapa ndipo nyimbo nyingi zinakufa. Kuna programu za kupanua sauti ambazo zinafanya upande mmoja kuwa kinyume cha mwingine. Kwenye bafle mbili, gita linakuwa pana kama uwanja wa mpira. Pande mbili zikijumlishwa, vitu vya kinyume vinafutana, na gita halipo. Ao waitikiaji wa korali wanabaki kivuli nyuma ya besi, ambayo yenyewe ilikuwa katikati na haikupungua kitu.

Programu nyingi za kurekodia, hata zingine za bure, zina kifungo cha mono. Anayechanganya wimbo wa redio akibonyeze mapema, ajenge usawa wa mwimbaji, ngoma na besi ndani ya mono, kisha ndipo afungue pande mbili. Tena azime bafle moja, kwa kuwa mono inayotoka kwa bafle mbili bado inamdanganya kidogo. Wimbo unaosimama kwenye koni moja utasimama kokote.

Simu nayo, chini ya herzi 300 inatoa kidogo sana. Besi iliyo yote kwenye herzi 50, kwa mwenye simu haipo kabisa. Dawa ambayo mafundi wanatumia ni kuipa besi ukali kidogo, ili itoe sauti zingine juu yake. Sikio likisikia hizo za juu, linajaza lenyewe ile ya chini. Upande mwingine, FM inabeba sauti paka herzi 15,000. Anayeongeza mng'aro juu ya hapo anajichosha, na matoazi makali yanafanya mashine ya redio, ile inayolinda mtambo, ibane wimbo mzima, mwimbaji pamoja naye. Wimbo ambao studio imekwisha kuubana paka hauna pumzi unabanwa mara ya pili hewani. Kilele cha kazi kibaki kama desibeli 6 chini ya mwisho wa kipimo paka hatua ya mwisho. Hata Spotify inasawazisha nyimbo karibu na LUFS -14, kwa hiyo aliyepandisha kupita wengine anashushwa tu.

Jambo dogo la kupita: kuna wanaoshika simu mbele ya bafle, wanarekodi ujumbe wa sauti wa WhatsApp, wanamtumia mteja ili akubali kazi. Ujumbe ule umebanwa sana na haukutengenezwa kwa muziki. Hauonyeshi kitu, na pesa imeishalipwa.

Maneno yenyewe yanaeleweka kwa konsonanti, t, k, s, p, na nguvu yake iko sana kati ya herzi 2,000 na 5,000. Palepale kunakaa gita, sinte, kisanji na matoazi. Mwimbaji akizama, mkono wa kwanza wa fundi unampandisha, kisha gita linaonekana limepotea, nalo linapandishwa, kisha ngoma. Kisha saa moja kila kitu kiko juu na mwimbaji yuko palepale. Kushusha gita na sinte kidogo kwenye ile sehemu, desibeli 2 ao 3, kunamfungulia mwimbaji njia bila kumgusa.

Kiluba kinaongeza jambo ambalo vitabu vya miksaje vya Ulaya havisemi. Ni lugha ya toni: silabi ikipandishwa ao kushushwa, neno linaweza kugeuka. Programu za kunyoosha sauti, ambazo Auto-Tune ilizifungulia njia mwaka 1997, zinasukuma kila silabi kwenye noti ya karibu. Kwa Kifaransa, zikisukuma vibaya, ni suala la ladha. Kwa Kiluba zinaweza kugusa maana, na mzee anayesikiliza atasema mtoto huyu hajui luga. Fundi asiyesikia Kiluba hawezi kuona kosa hilo. Hapo ndipo safari ya kupeleka nyimbo Lubumbashi kuchanganywa inaanza kugharimu zaidi ya nauli na malipo ya studio: anayeshika kazi ana vyombo vizuri, chumba kizuri, lakini anatendea maneno kama chombo kingine cha muziki.

Sikio la pili

Kwa kijana wa Kamina, Institut National des Arts iko Kinshasa, mbali sana. Wengi wanajifunza kwa video za mtandao, ambazo zinaonyesha vyumba vya Ulaya na Marekani vyenye kuta za pamba nzito, na bafle zenye bei ya pikipiki. Anayezifuata hatua kwa hatua ndani ya chumba chake cha matofali anapata matokeo mengine, anafikiri ni yeye hana kipaji.

Redio za kijamii hazina pesa za kutoa kwa mafundi hawa. Zina kitu kingine: mtambo, mashine ya kubana, na radio ndogo mezani, ile ile ambayo wasikilizaji wanayo. Jioni moja kwa mwezi, kisha matangazo, redio inaweza kupiga nyimbo mpya kupitia njia yake yote na kuwaacha wenye studio wasikilize kazi zao kwenye koni moja, bega kwa bega na wimbo unaojulikana. Hakuna kununua kitu. Redio inayopokea wimbo mbaya, inaupiga mara moja kwa heshima, kisha inauacha chini bila kusema sababu, inamwacha kijana alete kosa lilelile mwezi ujao. Neno moja kutoka kwa fundi wa redio, "besi yako inafunika, angalia kiti chako kiko wapi," lina thamani kuliko video kumi. Na fundi wa redio naye achunguze upande wake, sababu mashine iliyowekwa vibaya inaharibu hata wimbo uliochanganywa vizuri. Kama nyimbo za zamani zinazojulikana zinasikika zimefunikwa, kosa liko redioni.

Kwa nyimbo za afya, jaribio linafaa kuwa kali zaidi, na lifanywe mbele ya wimbo kulipwa. Upelekwe sokoni kwenye bafle ya blutufi, katikati ya makelele ya kila siku. Mama muuzaji aliyeusikia mara moja tu aombwe kurudilia kile wimbo unasema. Kama anarudilia "maji" lakini "chemsha" imepotea, faili inarudi mezani, na fundi anajua pa kuanzia: sekunde ile, ngoma ya mguu na besi, desibeli 2 chini, kisha sokoni tena.